Kupeleka klabu ya mdahalo makumbusho kusoma historia ya polisi: mwongozo kamili kwa shule za Lubumbashi

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi hayakujengwa kwa ajili ya polisi. Yalianzishwa mwaka 1937, mji ungali unaitwa Elisabethville, na Francis Cabu, Mbelgiji aliyechunguza mambo ya kale. Sifa kubwa ya makumbusho hayo inatokana na vyungu vya makaburi ya Sanga, misalaba ya shaba na vyombo vya watu wa Katanga. Msimamizi akiwaambia wanafunzi "tunaenda kuona historia ya polisi" halafu asiwaandae, watafika, watazunguka nusu saa, kisha watauliza polisi wako wapi. Wakiandaliwa vizuri, watatoka na ushahidi wa kutosha kwa midahalo mitatu. Kazi inayofanyika kabla ya kupanda gari ndiyo inayoleta tofauti hiyo, na ndiyo inayochukua nafasi kubwa hapa.

Mpango huu ni wa wanafunzi 24 wa umanite (sekondari ya juu) na wasimamizi 3. Mkiwa 40, nendeni mara mbili. Watu zaidi ya sita wakizunguka kabati moja la kioo, wa nyuma hawaoni kitu, na asiyeona huanza kuchezea simu.

Mada kwanza, gari baadaye

Klabu nyingi huenda kutembea kwanza, zikirudi ndipo zinatafuta mada. Matokeo yake ni madaftari yaliyojaa maneno kama "tuliona ngoma" na "tuliona mkuki", ambayo hayamsaidii mjadili yeyote. Andikeni mada wiki nne kabla ya ziara.

Mada nzuri ina mtendaji, tendo na mpaka. "Je, polisi ni wazuri?" haifai: hakuna kinachoamuliwa, na kila mmoja ataleta kisa cha mjomba wake aliyesimamishwa barabarani. Hizi tatu zinafaa: "Polisi ya Kongo iondolewe vyeo na mafunzo ya kijeshi", "Historia ya Force Publique (jeshi la wakoloni nchini Kongo) iwe somo la lazima katika umanite", na "Picha za rangi za Colonie belge (picha zilizochorwa juu ya enzi ya ukoloni) zihesabiwe kuwa ushahidi wa historia". Chagueni moja tu.

Sisi tungechagua ya kwanza, kwa sababu inagusa mshipa wa historia yote: tangu mwanzo, nchini mwetu jeshi na polisi walivaa nguo moja. Upande wa kukubali una historia hiyo ya kujengea, na upande wa kupinga una swali zito la usalama wa leo. Hakuna upande unaoanza ukiwa umeshindwa.

Pande zisigawanywe kabla ya ziara. Anayejua upande wake huona kile tu kinachomfaa. Pigeni kura mkisharudi.

Historia ambayo wanafunzi waende nayo kichwani

Tengeni vipindi viwili vya dakika 50 katika wiki ya mwisho. Msisomeshe miaka kama wimbo. Kwa kila tarehe ulizeni: hapa aliyeshika silaha alikuwa askari wa vita au mlinzi wa raia?

Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alijitangazia dola yake huku Kongo mwaka 1885, na agizo la tarehe 5 Agosti 1888 likaiweka rasmi Force Publique. Kikosi hicho kilipigana vita, kilisukuma watu kwenye kazi ya mpira, kilitoza kodi, kilikamata na kilichapa. Chombo cha kuchapia kilikatwa kwenye ngozi ya kiboko, na hapa Kiswahili kinawapa wanafunzi ushahidi wa bure: mnyama ni kiboko na fimbo ni kiboko. Wafaransa wanasema shikoti, sisi neno letu linataja hadi ngozi iliyotumika. Waacheni wanafunzi walitafakari neno hilo dakika tano nzima.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Force Publique iligawanywa sehemu mbili: askari wa kambini waliowekwa kwa ajili ya vita, na askari wa utumishi wa wilaya waliofanya kazi ya ulinzi wa ndani. Kulikuwa pia na polisi wa wilaya na polisi wa machifu, waliolinda magereza na majengo. Mgawanyo huo ni hazina kwa upande wa kupinga, kwa sababu unaonyesha kwamba hata mkoloni aliona kazi hizo mbili zina tofauti. Upande wa kukubali utajibu kwamba amri, bunduki na kambi vilibaki vilevile.

Mji wetu una kurasa zake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma, na askari wakawafyatulia risasi. Simon Kimbangu, mhubiri aliyekamatwa mwaka 1921, alifia kifungoni hapa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Tarehe 5 Julai 1960 Force Publique iliasi maofisa wake Wabelgiji, na siku sita baadaye Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, akaunda jandarmeri yake, yaani kikosi cha askari, chini ya maofisa wa Kibelgiji. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa nje ya mji. Kamishna wa polisi Mbelgiji Frans Verscheure alikuwepo, na ofisa mwingine wa polisi, Gerard Soete, ndiye aliyeharibu miili. Jino alilolibakiza lilirudishwa na Ubelgiji Juni 2022. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tunaita hiyo historia ya polisi wakati ni historia ya siasa, mpeni alama: hilo ndilo swali la mdahalo.

Baadaye mambo yanakwenda haraka. Mwaka 1972 Mobutu aliiingiza polisi ndani ya jandarmeri, na mwaka 1984 akaongeza kikosi kingine, Garde civile. Polisi ya Taifa, PNC, iliundwa kwa agizo la Januari 2002. Katiba ya 2006, ibara ya 183, inasema polisi haina siasa na hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kwa manufaa yake. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inaiita huduma ya umma ya kiraia. Neno "kiraia" wanafunzi waliandike kwa herufi kubwa, kwani kwenye mada ya vyeo vya kijeshi mdahalo mzima unaweza kugeuka juu yake. Chapeni ibara ya 18 na za 182 hadi 186 kwenye ukurasa mmoja, kila mtu awe na nakala. Ibara ya 18 ndiyo inayosema mtu aliyekamatwa asishikiliwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria.

Karatasi na mihuri

Barua ya ombi ipelekwe makumbusho wiki tatu kabla, kwa mkono, nakala mbili. Ya kwanza wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokea na mnarudi nayo. Bila nakala hiyo, siku ya ziara mtaambiwa barua haikuonekana na hamtakuwa na la kujibu. Iwe na sahihi ya prefe (mkuu wa shule) na muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi na darasa lao, tarehe mnayotaka na tarehe ya akiba, na lugha ya mwongozaji. Waombeni Kiswahili na Kifaransa pamoja: maelezo ya vyumbani huwa ya Kifaransa, ila maswali ya kweli ya wanafunzi hutoka kwa Kiswahili. Ulizeni pia mambo manne yajibiwe kabla ya siku yenyewe: ada ya wanafunzi, ada ya kupiga picha, vyumba vilivyo wazi wiki hiyo, na kama kuna vitu vya enzi ya ukoloni vinavyoonyeshwa sasa.

Msimamizi mmoja aende peke yake siku kumi kabla, atembee vyumba vyote na saa mkononi, achore ramani ya mkono. Maonyesho hubadilika, na mahali hapo hupokea pia kazi za Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Kazi za wasanii wa leo zinaweza kuwa ndizo zinazoongea juu ya askari kuliko vitu vya zamani. Achague vituo vinne, si zaidi.

Wazazi wapate karatasi ya ruhusa yenye saa ya kuondoka, saa ya kurudi, gharama na mahali. Andikeni wazi kwamba ni somo la historia. Neno "polisi" likisimama peke yake kwenye karatasi, wazazi wengine hushtuka na kumzuia mtoto.

Msimamizi mkuu abebe barua ya safari yenye muhuri, pamoja na orodha ya majina, nakala tatu. Msibebe bendera wala mabango, na msiimbe mkitembea njiani: kundi la vijana wa bleu-blanc (sare ya shule) wenye bango hugeuka maandamano machoni pa mtu asiyewajua, na maandamano yana taratibu zake katika ibara ya 26 ya Katiba. Njia nzima hakuna kupiga picha vituo vya polisi, kambi wala askari. Simu moja ikiinuliwa dirishani inatosha kuwapotezea asubuhi.

Hesabu na mizigo

Bajeti iwe na mistari mitano: gari, ada ya kuingia, mwongozaji, chakula, karatasi. Jumlisheni, kisha ongezeni asilimia 10. Bebeni faranga za noti ndogo, kwani kukosa chenji mlangoni kunaweza kula dakika 20. Gari lilipwe nusu asubuhi na nusu baada ya kurudi.

Kalamu za risasi 30, yaani moja kwa kila mwanafunzi na 6 za akiba. Za wino zibaki shuleni, kwa kuwa tone moja la wino kwenye ubao wa kale halitoki. Vichongeo 2, vitumike nje. Kadi za ushahidi: kila mwanafunzi 8, jumla 192. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi nne, basi mnahitaji karatasi 48. Mkipata katoni, kateni kadi kwenye katoni, maana ndani hakuna meza, na karatasi nyembamba hutoboka ikiandikiwa mkononi. Futi za kupimia 4. Tochi 4, kwa sababu umeme ukikatika vyumba vya ndani huwa giza, ila ombeni ruhusa kabla ya kuziwasha. Maji lita 20 kwa watu 27 ni kama mililita 740 kwa kila mtu, yanatosha asubuhi moja. Mikate na karanga zinaliwa nje, baada ya kazi.

Kuhusu majira: mvua za Lubumbashi huanzia karibu Novemba hadi Aprili. Mei ni mwezi mzuri, kumekauka na mitihani ya mwisho bado. Mkienda Januari, kadi ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki.

Vikundi vya sita

Gawanyeni vikundi vinne. Katika kila kikundi wawili wanatazama kitu na kukieleza kwa sauti ya chini, mmoja ananakili maelezo yaliyobandikwa, mmoja anachora, mmoja anakusanya maswali ya mwongozaji, na mmoja anashika saa na kadi. Majukumu yabadilike kwa kila kituo. Mchoraji msimdharau: jicho linalolazimika kuchora kifungo cha koti huona mshono ambao jicho la kupita halioni.

Angalieni jambo moja mapema. Katika kundi lolote la vijana 24 wa mji huu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mzazi wa mmoja wao ni polisi, na kwamba ndugu wa mwingine ameumizwa na polisi. Semeni kabla ya kuondoka: hakuna atakayelazimishwa kuongea kwa niaba ya baba yake, kabila lake wala mkoa wa wazee wake. Habari za kujitenga kwa Katanga bado ni kidonda kwenye nyumba nyingi. Msimamizi anayeona mtoto amenyamaza ghafla amtoe nje, amwache anywe maji, asimuulize mbele ya wenzake.

Asubuhi yenyewe

Saa 2 asubuhi ni kuita majina shuleni. Saa 3 mlangoni, masharti kwa dakika 10: mikono nyuma, mifuko inabaki kwa msimamizi, hakuna mwanga wa kamera. Mwongozaji aitwe Papa au Mama, hata akiwa kijana, na mtu mmoja aongee kwa wakati.

Dakika 20 za kwanza wanatembea bila kuandika. Hapa wasimamizi wengi hushindwa kuvumilia, wanaona kama muda unapotea. Mwanafunzi anayeanza kuandika mlangoni hujaza kadi zake zote nane kwenye chumba cha kwanza, na anafika kwenye kitu cha maana mikono mitupu.

Kisha vituo vinne, dakika 15 kila kimoja, vikundi vikizunguka. Halafu dakika 25 za maswali na mwongozaji. Saa 5 na dakika 15 wote wako nje wanakula. Msiongeze chumba cha tano hata wakiomba: baada ya dakika 90 za kusimama, macho huchoka na kadi huanza kuandikwa uongo.

Kadi ya ushahidi

Kadi ina mistari minne. Wa kwanza: ninachokiona, kwa kipimo, malighafi, rangi na idadi. Wa pili: maelezo yaliyobandikwa, neno kwa neno, kwa lugha yake, ndani ya alama za kunukuu. Wa tatu: kile ambacho kitu na maelezo yake vyote vimenyamazia. Wa nne: upande gani unaweza kukitumia, na upande mwingine utajibu nini.

Mstari wa tatu ndio mgumu, na ndio unaotofautisha klabu ya mdahalo na darasa la kawaida. Chukueni mfano wa picha za rangi zinazoitwa Colonie belge, zilizokuwa zikitundikwa sebuleni mwa watu wa mji huu. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, ni mmoja wa waliozichora. Ndani yake askari Mwafrika anamchapa mfungwa aliyelazwa chini, ofisa mzungu anatazama, wanawake wanalia, na mara nyingi juu pameandikwa 1885-1959. Mkizikuta kwenye maonyesho, au mkileta nakala darasani, mwanafunzi wa haraka ataandika: "Hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 1900." Hapana. Picha nyingi za aina hiyo ni za miaka ya 1970. Zinashuhudia kwa uhakika kile ambacho watu wa Lubumbashi walikumbuka, na kile walichotaka wageni wakione ukutani, chini ya utawala wa Mobutu. Kwa nini waliipenda picha ya fimbo ya zamani wakati huo? Picha hainyooshi kidole kwa mtu yeyote aliye hai, na bado kila mtu aliielewa. Hoja hiyo ina nguvu kuliko "wakoloni walichapa watu", ambayo mpinzani ataikubali kwa sekunde mbili na kuendelea mbele.

Tazameni pia nani ameshika kiboko ndani ya picha. Siye mzungu. Askari ni Mkongo, ametolewa kwao na kuwekwa kulinda watu asiowajua. Lugha ya Force Publique ilikuwa Lingala, hata huku kwetu kwenye Kiswahili. Mwanafunzi aliyeandika hilo kwenye mstari wa tatu ameshika kiini cha mada yetu: mlinzi asiyeongea lugha ya mtaa anaulinda mtaa, au anaulinda utawala dhidi ya mtaa?

Msiviache vitu vya kabla ya ukoloni. Watu wengi hudhani utulivu ulikuja na sare. Mkikuta lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba, mwulizeni mwongozaji juu ya chama cha Mbudye, waliousoma ubao huo kwa vidole na ambao hata mfalme alipaswa kuwasikiliza. Upande wa kukubali unapata hapo mfano wa ulinzi wa sheria uliotokana na kumbukumbu na heshima. Upande wa kupinga utauliza kama jambo hilo linawezekana katika mji wa mamilioni, na swali hilo ni la haki.

Makosa ya kadi yanajirudia. La kawaida ni kunakili nusu ya maelezo na kuacha tarehe. La pili ni kuchanganya tarehe ya kitu na tarehe kilipoingia makumbusho. Kubwa kuliko yote ni idadi za vifo: kwa mgomo wa 1941, hesabu rasmi za kikoloni na kumbukumbu za wakazi hazilingani, kwa hiyo anayetaja namba bila kusema ni ya nani afutiwe hoja hiyo. Si kwamba vifo ni vidogo. Ni kwamba wafu wanastahili hesabu ya kweli.

Maswali kwa mwongozaji

Usiku wa kabla, kila kikundi kiandike maswali matano na kubakiza mawili bora. "Tuambie kuhusu polisi" halimpi mwongozaji pa kushika. Jaribuni haya: Kitu hiki kilichukuliwa kwa nani, na kwa njia gani? Maelezo haya yaliandikwa lini? Kuna kitu cha enzi ya Force Publique kilicho ghalani, na kwa nini hakionyeshwi? Akisema hajui, andikeni "mwongozaji hakuwa na jibu" na mshukuru. Msimsukume. Mahali hapo anawajibu wageni wengi, na klabu ya mwakani itapokelewa kulingana na adabu yenu.

Mdahalo baada ya ziara

Ufanyike ndani ya siku saba, macho yangali yanakumbuka. Mtindo wa Karl Popper unafaa, watatu kwa watatu: hotuba mbili za kujenga za dakika 6, ya tatu na ya nne za dakika 5 kila moja, mbili za mwisho za dakika 5 kila moja, na vipindi vinne vya kuulizana vya dakika 3. Hayo ni dakika 44, na kila upande una dakika 8 za maandalizi, jumla dakika 60 kamili. Mtunza muda agonge meza dakika moja kabla ya mwisho.

Kadi zote 192 ziwekwe kwenye meza moja, wazi kwa pande zote mbili. Hakuna kadi ya siri. Anayetaja ushahidi wa makumbusho bila kuinua kadi, mwamuzi asiuhesabu. Gawio la alama tunalopendekeza: ushahidi 40, mantiki 30, kumjibu mpinzani 20, sauti na usimamaji 10. Klabu zetu zimezoea kumpa ushindi mwenye Kifaransa kizuri, na gawio hili linarekebisha hilo. Ruhusuni Kiswahili katika vipindi vya kuulizana.

Mkitaka kumwalika polisi kuwa msikilizaji, mwandikieni mkuu wake barua wiki mbili kabla, mwonyesheni mada na maswali, mpeni dakika 10 za kuongea baada ya matokeo kutangazwa. Asiwe mwamuzi, na asiketi mstari wa mbele wakati wanafunzi wanahutubu. Sare mbele ya macho ya kijana wa miaka 16 hubana sauti hata ya aliye jasiri.

Mwisho, piga picha kadi 20 bora, zichape, zipeleke makumbusho zikiwa na barua ya shukrani yenye muhuri, nakala mbili, moja irudi imegongwa. Ndani yake wekeni tarehe mnayoomba kwa mwaka ujao.